Neno Kumbe

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno dogo lenye silabi mbili, ambalo wageni wanaojifunza lugha hii huchelewa kulizoea, na ambalo sisi wenyewe hulitumia kila siku pasipo kulifikiria. Neno hilo ni “kumbe”. Mtu hulitamka pale anapogundua kwamba jambo alilolidhania kuwa ndivyo, sivyo. Alidhani mgeni ni mmoja, kumbe ni wawili. Alidhani mtungi umejaa, kumbe ni mtupu. Ndani ya neno hili yamekaa mambo mawili kwa pamoja: la kwanza ni kwamba mtu aliona vibaya, au aliona kidogo, la pili ni kwamba jambo lenyewe lilikuwapo vile vile lilivyo tangu mwanzo, likimngoja. Kumbe haibadilishi kitu chochote duniani, ila yule aliyeitamka.

Katika insha hii twataka kulifuata neno hilo mpaka linakotoka. Swali letu ni hili: binadamu aweza kuona kiasi gani cha mambo yalivyo, na afanyeje na yale asiyoweza kuyaona? Wako watakaosema kuwa hilo ni swali la wanafalsafa. Sisi hatukusomea falsafa. Elimu yetu ni ya sekondari, kazi yetu ya miaka mingi imekuwa ya majalada na taarifa za serikali, na jioni tumejaribu kutunga mashairi. Twaliuliza swali hili kwa sababu katika nchi yetu ya Mpwapwa limewahi kuwa swali la chakula na maji, na hata leo halijaacha kuwa hivyo.

Mwenye kufika Mpwapwa kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Septemba huiona nchi iliyokauka. Milima ya Kiboriani imesimama katika vumbi, mibuyu haina majani, na mito ni njia pana za mchanga wanamopita ng’ombe na watoto. Mgeni hutazama akasema, “Mto huu umekufa.” Mwenyeji huchukua jembe na kata, huchagua mahali panapomfaa, huchimba kina cha mkono mmoja au miwili, kisha huketi akangoja. Taratibu shimo huanza kulowa, na baada ya kitambo maji hujikusanya, ya baridi na masafi. Mto haukufa; umeshuka chini kulikimbia jua. Watu hawa wawili wana macho yale yale, na wametazama mchanga ule ule. Kilichowatenganisha ni yale ambayo kila mmoja amekuja nayo nyuma ya macho yake.

Lakini tusiharakishe kumsifu mwenyeji, maana naye ana mipaka aliyozaliwa nayo. Tulipokuwa wadogo tulichunga ng’ombe, na wachungaji wa kwetu wana majina mengi ya rangi na mabaka, kiasi kwamba ng’ombe aliyepotea aweza kuelezwa kwa neno moja akatambulikana katika kundi la watu wengine. Sisi tulidhani kuwa wekundu wa ng’ombe ni kitu kilichomo katika ng’ombe, kama mifupa yake. Baadaye tukasoma kwamba jicho la mtu lina aina tatu za chembe za kupokea rangi, na jicho la ng’ombe lina aina mbili. Yule ng’ombe mwekundu tuliyemwita kwa wekundu wake hamwoni ndama wake kama tulivyomwona sisi. Nyuki, ambao wanatupatia asali katika mapori haya, hawauoni vema wekundu, lakini huuona mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kamwe. Kwa macho yao, ua tunaloliona kuwa la rangi moja laweza kuwa na michirizi inayowaelekeza penye utamu. Tembo wa Ruaha huongea kwa sauti nzito zilizo chini ya mitikisiko 20 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu hukomea, na wenzao huzisikia wakiwa mbali kwa kilomita kadhaa. Mtu aweza kusimama katikati ya mazungumzo hayo akaandika katika daftari lake kwamba pori lilikuwa kimya.

Hata chumbani mwetu hakuna ukimya tunaoudhania. Wakati wa utoto wetu, jioni watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio kusikiliza taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam. Alipoizima, tuliamini kuwa sauti zimekwenda. Zilikuwa hazijaenda popote. Mawimbi yaliendelea kupita katika ukuta wa udongo, katika blanketi na katika miili yetu tuliolala. Kilichokosekana ni chombo cha kuyapokea. Basi viungo vyetu vya fahamu ni mfano wa madirisha. Nyumba yenye madirisha mawili ni nyumba njema, na aliyemo hupata mwanga wa kufanyia kazi. Lakini akidhani kuwa dunia imekwisha pale ukuta unapoanza, amejidanganya mwenyewe, wala dirisha halina lawama.

Mfano mkubwa kabisa wa kumbe katika nchi yetu umelala Kongwa, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mpwapwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki 9, pamoja na kuitazama nchi kutoka angani. Walirudi na mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka 1947 kazi ilianza. Ilikusudiwa kwamba mwaka huo wa kwanza ekari 150,000 zisafishwe. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Vichaka vilivyoonekana kama zulia kutoka juu vilikuwa na mizizi iliyovunja matrekta. Udongo uliokuwa laini wakati wa mvua uligeuka kuwa kama saruji ulipokauka, ukazishika karanga zisichimbuliwe, na mchanga wake mkali ukayala majembe ya chuma. Mvua nayo haikufuata majedwali. Mwanzoni mwa mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa ya paundi milioni 36.

Watu wengi husimulia habari hii kwa kicheko. Sisi twaona kuwa kicheko hakitufundishi mengi, kwa sababu wataalamu wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na elimu, ramani na ndege. Kasoro yao ilikuwa katika kile ambacho ndege haiwezi kukionyesha. Ndege humwonyesha mtu upana wa nchi, lakini haimwonyeshi wakati. Kutoka angani huwezi kuuona mwaka ambao mvua ilikatika mwezi wa Januari, wala mwaka uliofuata ambao haikunyesha. Mambo hayo yalikuwamo katika kumbukumbu za watu. Wazee wa Ugogo walikuwa bado wakiitaja njaa waliyoiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920, ambayo vita vya wakoloni viliianzisha kwa kuchukua nafaka, ng’ombe na watu, na ukame ukaikamilisha. Kati ya Mtunya na wiki 9 za ujumbe ule ilikuwa imepita miaka 26 tu. Walioipitia walikuwa hai, wakipalilia mashamba yao chini ya kivuli cha ndege ile. Kumbukumbu yao haikupewa uzito uliostahili, kwa kuwa haikuwa kitu cha kuonekana kwa macho.

Twaweza kuishia hapa na kusema kuwa mgeni hukosea na mwenyeji hupatia. Hadithi hiyo hupendeza, nasi tumeisikia ikisemwa majukwaani. Lakini ardhi ya Mpwapwa yenyewe inaikataa. Katika miaka ya 1930, mtaalamu aitwaye Staples alifanya majaribio hapa Mpwapwa, katika kituo cha utafiti wa mifugo. Alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, akavizungushia kingo, na chini yake akaweka mahali pa kukinga maji na udongo unaochukuliwa na mvua. Katika kipande chenye vichaka visivyolishwa mifugo, maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia 1 ya mvua, na udongo haukupotea. Katika shamba la nafaka, kiasi cha robo ya mvua kilikimbia. Katika ardhi iliyoachwa tupu, nusu ya mvua ilikwenda zake, ikachukua zaidi ya tani 140 za udongo kwa kila hekta.

Msomaji na atazame jambo hili kwa utulivu. Tani 140 ni mzigo wa malori mengi. Lakini ukiutandaza udongo huo juu ya hekta nzima, unene wake hauzidi sana sentimita 1. Ni nani aamkaye asubuhi akaona kwamba shamba lake limeshuka kwa upana wa kidole kidogo, tena si kwa usiku mmoja, bali kwa msimu mzima? Mkulima hakuliona, mchungaji hakuliona, na ofisa aliyepita kwa gari hakuliona. Wote walikuwa wakitazama mahali pale pale ambapo jambo lilikuwa likitendeka. Udongo uliwaaga watu polepole mno kiasi kwamba hakuna aliyesikia kwaheri yake. Leo, anayetembea kwenye miteremko yetu ataona miti mizee ambayo mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama miguu ya meza. Ardhi ilikuwa pale juu, mahali mizizi inapoanzia. Mti huo ni daftari, lakini imetupasa kwanza kujua kwamba unasomeka.

Hivyo basi, kumbe ya Kongwa ilimpata mgeni aliyeona upana bila wakati, na kumbe ya miteremko ya Mpwapwa ilimpata mwenyeji ambaye wakati ulimpitia mbele ya macho kwa hatua zisizoonekana. Kumbukumbu ya wazee ilikuwa na nguvu pale ambapo ndege ilikuwa dhaifu, na pipa la mtaalamu lenye kukinga matope likawa na nguvu pale ambapo kumbukumbu ya wazee ilikuwa dhaifu. Hakuna dirisha moja lililotosha.

Hapa ndipo utamaduni unapoingia, maana utamaduni nao ni chombo cha kuonea na kusikilizia. Twachukua mfano wa muziki wa Wagogo. Kila sauti moja itokayo katika uzi au katika koo la mtu haiko peke yake. Ndani yake zimo sauti nyingine nyembamba zinazopanda kwa mpangilio wao, kama ngazi. Wanafizikia wamezipima, na zipo katika kila uzi ulimwenguni kote. Watu wengi huzipokea masikioni bila kuzitambua, wakasikia sauti moja tu. Waimbaji wa Ugogo walizisikia, wakazichukua, wakajengea juu yake uimbaji wao wa sauti nyingi. Ndiyo sababu wimbo wa Kigogo una sauti moja ambayo haikai sawasawa katika kinanda cha Kizungu: ni hatua ya saba ya ngazi ile, nayo huangukia katikati ya vitufe. Mtu aliyezoea kinanda atasema kuwa waimbaji wamepotoka kidogo. Kumbe wao wameifuata sauti yenyewe ilivyo, na kinanda ndicho kilichorekebishwa na mafundi wake kwa manufaa mengine.

Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma na kufariki mwaka 2003, aliipeleka sanaa hii katika majukwaa ya dunia, na kuifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Katika ilimba yake kubwa mlikuwa na vyuma vilivyopigwa kwa vidole, na pia mlikuwa na vyuma ambavyo havikuguswa, vikaitika vyenyewe wenzao walipolia. Tulipoelezwa jambo hilo tulifikiri sana juu yake. Fundi aliyeweka ndani ya chombo vyuma visivyopigwa alijua kwamba sehemu ya muziki hutoka mahali ambapo mkono haufiki. Wala hakuhitaji kitabu cha fizikia kujua hilo. Alihitaji jamii iliyokuwa imesikiliza kwa vizazi vingi.

Twawageukia sasa walimu na wanafunzi, kwa sababu mahali ambapo kumbe huzaliwa au huuawa ni darasani. Habari ya Erasto Mpemba inajulikana na wengi. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na baadaye akakuta yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, alijibiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Hata hivyo, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni hapo kutoa mhadhara, kijana alisimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akaliuliza swali lile lile. Osborne hakuliamini, lakini alifanya jambo lililowashinda waliomtangulia: alirudi akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao, na jina la mwanafunzi wa Kitanzania likaingia katika vitabu vya sayansi vya dunia.

Kwa kawaida hadithi hukomea hapo, na msikilizaji hupiga makofi. Sisi twaomba isikomee hapo. Mwaka 2016 wachunguzi wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha matokeo ya majaribio yao, wakasema kuwa hawakupata ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, na wakaonyesha kwamba kuisogeza pimajoto kidogo tu, kwa kiasi cha sentimita 1, kwaweza kubadili jibu. Wengine wameendelea kulichunguza, na mabishano hayajaisha. Je, jambo hili linampunguzia Mpemba heshima? Twasema hapana. Mpemba hakudai kuwa amemaliza ukweli. Alidai kuwa ameona kitu, akaomba kitazamwe. Mwalimu aliyemkatalia alishindwa kwa sababu hakutazama, hata kama kesho itathibitika kwamba maji ya moto hayana haraka yoyote. Na sentimita 1 ile ya pimajoto ni ndugu wa sentimita 1 ile ya udongo wa Mpwapwa: mambo makubwa hujificha katika vipimo ambavyo jicho huvidharau.

Katika utumishi wetu tumeona jinsi karatasi nayo inavyoweza kuwa ukuta. Miaka kadhaa iliyopita tulifuatana na wenzetu kwenda katika kijiji kimoja kukagua huduma za maji. Taarifa iliyoletwa na ofisi moja ilisema kuwa kijiji kina kisima cha pampu, na ilikuwa kweli. Kisima kilikuwapo, kimejengewa, na tarehe imeandikwa katika saruji. Bibi mmoja mzee alitusikiliza tukiisoma taarifa ile, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, katika karatasi yenu maji yapo. Katika ndoo yangu hayapo. Sasa tuamini ipi?” Tulipouliza vizuri, tukaambiwa kuwa pampu hufanya kazi siku chache kisha hunyamaza kwa wiki nyingi, na kina mama hurudi kuchimba mchangani. Hakuna aliyedanganya. Fomu iliuliza kama kuna kisima, wala haikuuliza kama kuna maji. Fomu iliyofuata iliongezewa safu mpya: maji yamepatikana siku ngapi katika mwezi. Safu hiyo moja ilikuwa dirisha jipya katika ukuta, na aliyelifungua ni bibi mwenye ndoo tupu.

Katika kuyatafakari mambo haya tulitunga ubeti ufuatao:

Jicho ni taa ya mtu, humulika palo wazi,
Haimuliki misitu, wala chini ya mizizi,
Hunena hapana kitu, mwenye mchache ujuzi,
Kumbe huko liko jambo, lisilofika jichoni.

Baada ya kusema haya, twapaswa kutahadharisha juu ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni la mwenye majivuno, asemaye kuwa asichokiona hakipo. Huyo tumekwisha kumjadili vya kutosha. Gharama zake zimeandikwa Kongwa. Kosa la pili ni la mwenye kukata tamaa, asemaye kuwa maadamu kila mtu huona upande wake, basi hakuna ukweli, na kila mmoja abaki na wake. Siku hizi kosa hili limepata wafuasi wengi, kwa kuwa lafanana na upole. Lakini linapofika penye mambo ya kuishi, halisimami. Karanga za Kongwa hazikujali nani aliamini nini. Udongo ulioondoka uliondoka katika shamba la aliyejua na la asiyejua. Ndoo ya bibi yule haikuwa na maji hata kama taarifa ingesomwa mara kumi. Ukweli upo, nao hauna upendeleo. Ni sisi tusioufikia wote kwa mara moja. Na neno letu lenyewe linashuhudia hivyo, kwani kama pasingekuwa na jambo lililo kweli nje ya dhana zetu, hakuna mtu ambaye angepata kusema kumbe.

Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Usiku, ndugu msomaji, haumaanishi kuwa nyumba, miti na watu vimeondoka. Humaanisha kuwa imetupasa kwenda polepole, kushikana mikono, na kumwuliza aliyetangulia kupita njia hiyo. Twaona kwamba katika ujenzi wa taifa letu hii ndiyo adabu ya maarifa inayotufaa. Mwenye ramani amwulize mwenye kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu asimdharau mwenye kipimo. Mwenye kuandika taarifa aitazame ndoo. Kila mmoja alete dirisha lake, na tukubali kwamba hata tukiyaunganisha yote bado utabaki ukuta, ambao watoto wetu watautoboa kwa vyombo tusivyoweza kuvifikiria leo.

Twamalizia kwa ombi kwa walimu, ambao mikononi mwao zimo saa nyingi za ujana wa taifa hili. Mtoto akisimama darasani akasema kuwa ameona jambo ambalo kitabu hakikulisema, huenda amekosea, na mara nyingi atakuwa amekosea. Lakini kati ya neno “umekosea” na neno “twende tukapime” kuna tofauti ya vizazi. Neno la kwanza humrudisha mtoto kitini. La pili humtoa nje, kwenye mchanga, mteremko na mvua, ambako mambo yenyewe yako, yakiwa vile vile yalivyo, yakitungoja.